Utafiti wa jamii hatua kwa hatua, kwa mwanafunzi wa Bukavu

Ukisoma ISP, UOB, UCB, ISDR au chuo kingine chochote cha Bukavu, siku inafika unaambiwa ulete mada ya kazi ya mwisho. Wengi hukimbilia maktaba, wakachukua TFC, yaani kazi ya mwisho, ya mtu aliyewatangulia, wakafuta komini ya Kadutu na kuandika Bagira, wakabadilisha mwaka, basi mada imepatikana. Sura ya mbinu nayo inanakiliwa vilevile. Siwalaumu. Somo la mbinu za utafiti hufundishwa kwa kuandikiwa na kukariri: mtu anaweza kutaja aina tano za sampuli akapata alama nzuri, na hajawahi kuchagua hata mama mmoja sokoni kwa utaratibu anaoweza kuueleza. Nitatumia mfano mmoja hapa, akina mama wanaouza katika soko la Kadutu na vikundi vyao vya kuweka akiba. Mada yako ikiwa nyingine, njia ni ileile.

Hatua ya kwanza: tafuta swali linaloweza kukukatalia

"Mchango wa vikundi vya akiba katika maisha ya kaya za Kadutu." Hiyo ni mada, na jibu lake limo ndani tayari: mchango upo, kazi yako imebaki kuusifu. Ukienda sokoni na mada hiyo utarudi na sifa, kwa sababu ndizo ulizokwenda kutafuta.

Igeuze mada iwe swali. Je, akina mama wauza sambaza (samaki wadogo wa ziwani) walio katika MUSO (aina ya kikundi cha akiba na kusaidiana) hulipa minervali (karo ya shule) ya watoto wao wa sekondari kwa wakati kuliko wale wasio na kikundi? Nimesema sekondari makusudi, maana tangu Septemba 2019 serikali ilitangaza shule za msingi za umma kuwa bure, na kuchanganya ngazi hizo mbili kungevuruga hesabu yote. Swali hili linaweza kujibiwa "hapana", na hapo ndipo thamani yake ilipo. Karl Popper alisisitiza mwaka 1934 kwamba dai la kisayansi lazima liwe dai linaloweza kuonyeshwa kuwa si kweli. Dai ambalo hakuna tukio lolote duniani linaloweza kulipinga halitufundishi chochote.

Kabla ya kwenda kwa mwalimu anayekusimamia, chukua karatasi uandike sentensi moja: "Nitakubali kwamba nimekosea nikikuta kwamba…" Ukishindwa kuimalizia, rudi kwenye swali lako, usitoke nyumbani bado. Karatasi hiyo itunze, utaihitaji wakati wa kuchambua.

Na neno "athari" liogope. Kusema kitu kimeleta athari ni kudai kwamba bila kitu hicho mambo yangekuwa tofauti. Dai hilo ni zito, na tutaona katika hatua ya saba jinsi linavyoponyoka.

Hatua ya pili: soma ukiwa na mashaka yenye adabu

Soma kwanza kile ambacho wengine wameshafanya. Hapa mjini usiipite ISP bila kuangalia matoleo ya kituo chake cha utafiti, CERUKI. Ukiweza kupanda hadi Lwiro, upande wa Kabare, kuna maktaba ya kituo cha utafiti ambacho chanzo chake ni IRSAC, taasisi iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947. Kwenye simu, Persée hutoa makala nyingi za Kifaransa bila malipo, na OpenEdition hutoa sehemu kubwa bure. Kwa takwimu za nchi, tafuta matokeo ya uchunguzi wa EDS, unaohusu idadi ya watu na afya, wa 2007, 2013-2014 na 2023-2024, pamoja na ule unaoitwa 1-2-3 wa 2004-2005 na 2012, unaohusu ajira na biashara zisizo rasmi, yaani karibu kabisa na mama wa sokoni. Ukitumia akili bandia kutafuta vitabu, fungua kila kitabu ulichotajiwa kabla ya kukiandika, kwa maana zana hizo huweza kukupa mwandishi ambaye hajawahi kuwepo, pamoja na mwaka na ukurasa.

Kusoma hakutoshi. Kila tarakimu unayokutana nayo iulize: nani alihesabu, alihesabu nini, alimwacha nani nje, na alizidisha kwa kitu gani?

Tuchukue tarakimu ambayo kila Mkongomani ameisikia: milioni 5.4 ya waliokufa kutokana na vita. Ilitoka katika ripoti ya shirika la misaada la IRC ya Januari 2008, na inahusu kipindi cha Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Hakuna aliyehesabu makaburi milioni tano. Watafiti walikwenda kwenye kaya zilizochaguliwa, wakauliza ni nani amefariki katika kipindi fulani, wakapata kiwango cha vifo kwa kila watu elfu kwa mwezi. Kisha wakatoa kiwango cha vifo ambacho kingetarajiwa kama kusingekuwa na vita. Kilichobaki, wakakizidisha kwa idadi ya watu na idadi ya miezi. Sehemu ndogo tu ya vifo hivyo ilitokana na risasi na panga. Wengi waliuawa na malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, kwa sababu vita viliwafukuza mashambani na kufunga vituo vya afya.

Sasa angalia mahali ambapo hesabu nzima inaegemea. Kile kiwango "cha kawaida" walichotoa kilikuwa 1.5 kwa elfu kwa mwezi, wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Watafiti wa chuo kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walipinga miaka michache baadaye: Kongo ilikuwa imechoka hata kabla ya 1998, kwa hiyo kiwango chake cha kawaida lazima kilikuwa juu zaidi. Walisema pia kwamba maeneo ya uchunguzi wa mwanzo kabisa, uliofanyika mashariki peke yake, hayakuchaguliwa kwa namna inayoruhusu kusema lolote kuhusu eneo zima. Fanya hesabu mwenyewe. Chukua watu milioni 60, badilisha 1.5 iwe 2. Tofauti ni nusu mtu kwa kila elfu. Hiyo ni watu 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Tarakimu moja ndogo iliyokaa kimya kwenye ukurasa wa mbinu inaweza kuondoa au kuongeza mamilioni.

Na ile idadi ya watu tunayozidishia, tunaitoa wapi? Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984. Kila kinachofuata ni makadirio juu ya makadirio, katika nchi ambayo watu wake wamehamishwa na vita mara kwa mara. Mtu anayeandika "komini ya Kadutu ina wakaaji kadhaa" hana budi kusema ameitoa wapi, ni ya mwaka gani, na ilihesabiwaje.

Naomba nieleweke hapa, maana wapo wanaodhani kuhoji tarakimu ni kuwakana marehemu. Sisi tunaoishi hapa tunawajua waliokufa kwa majina yao. Lakini kilio chetu kikibebwa na tarakimu tusiyoweza kuieleza, siku mtu akiitikisa atadhani ametikisa na ukweli wenyewe. Afadhali tuwe na kadirio ambalo tunajua mipaka yake, tuweze kulitetea mbele ya yeyote.

Hatua ya tatu: sema unapima nini

Hatua hii ni fupi ila wengi huiruka. "Kikundi cha akiba" ni kitu gani? Sokoni utakuta likelemba, ambapo kila mtu anatoa kiasi kilekile na mmoja anachukua chote kwa zamu. Utakuta MUSO, yenye masanduku yake: la kijani la akiba na mikopo, la nyekundu la kusaidiana kwenye msiba na ugonjwa, na la buluu la fedha za kutoka nje. Utakuta AVEC, ambapo wanachama wananunua hisa kisha wanagawana mwisho wa mzunguko. Ukiuliza "uko kwenye kikundi?" na kuandika ndiyo au hapana, umetia vitu vitatu tofauti kwenye gunia moja.

Fanya hivyo kwa kila neno la swali lako. Kaya: watu wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja, au pamoja na mtoto anayesoma Uvira na kutumiwa pesa? Kulipa kwa wakati: kabla ya tarehe ya shule, au kabla mtoto hajafukuzwa darasani? Chagua, andika, kisha usibadilishe katikati ya kazi.

Hatua ya nne: chagua watu bila kujichagulia

Wanafunzi wengi wameipenda 384 kama idadi ya watu wa kuhoji. Inatokana na fomula inayokupa kiwango cha kukosea cha asilimia 5 kwa uhakika wa asilimia 95, na ni fomula ya kweli. Lakini inafanya kazi endapo kila mtu alikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Ukihoji mama 384 waliokuwa karibu na mahali teksi ilipokushusha, fomula haikusaidii kitu.

Mwaka 1936 huko Marekani, jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura kwa watu wapatao milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki, wenye simu na magari hawakufanana na wengine. Tena waliojisumbua kujibu hawakufanana na walionyamaza. George Gallup, aliyehoji watu wachache kupita hao kwa mbali, alimtaja mshindi sawasawa. Wingi haukulisaidia lile jarida hata kidogo.

Sokoni fanya hivi. Omba orodha kwa kamati ya soko, kisha usiiamini mpaka uitembee. Ingia na daftari asubuhi, pita mstari kwa mstari, hesabu meza moja moja, hata zilizofunikwa. Tuseme umepata meza 600 na unataka mama 60: utachukua kila meza ya kumi. Ya kuanzia ipigie kura kati ya moja na kumi. Ikitoka 7, utahoji ya 7, ya 17, ya 27, hadi mwisho. Mama wa meza ya 27 akiwa hayupo, rudi saa nyingine, rudi kesho. Usimchukue jirani yake mwenye tabasamu. Anayekuwepo saa zote na aliye tayari kuongea ana maisha tofauti na yule aliyekwenda hospitali au kutafuta mzigo.

Halafu jiulize nani hayumo kabisa kwenye orodha hiyo. Mama anayetembeza beseni kichwani hana meza. Anayeuza chini kando ya barabara jioni, kwenye yale masoko tunayoyaita pirati, hana meza. Mara nyingi hao ndio wenye mtaji mdogo kuliko wote. Ama utafute njia ya kuwafikia, ama uandike wazi kwenye jalada kwamba kazi yako inahusu wenye meza peke yao. Vyote viwili vinakubalika. Kunyamaza hakukubaliki.

Hatua ya tano: uliza kitu ambacho mtu anaweza kukijibu

"Mama, kwa siku unapata faida ngapi?" Swali hili limo karibu katika kila hojaji niliyoisoma, na karibu kila mara jibu lake halina maana. Mama anaangalia karatasi yako, anajiuliza kama umetumwa na watu wa kodi ama na shirika linalogawa misaada. Kwa wa kwanza atapunguza, na kwa wa pili atapunguza pia. Hata akikuamini, faida yake haihesabiki kwa siku: amenunua kwa mkopo, ametoa samaki wa kupika nyumbani, amelipa deni la juzi kwa mauzo ya leo.

Uliza siku moja anayoikumbuka, kidogo kidogo, kwa mfuatano wa kazi yake. "Jana asubuhi ulichukua sambaza wapi, ziwani ama kwa mtu?" "Beseni ngapi?" "Kila moja bei gani, franga ama dola?" "Ulilipa papo hapo ama ni deni?" "Mpaka jioni ilibaki ngapi?" "Ya kupika nyumbani ulitoa?" Hapo unaongea lugha ya kazi yake, naye anajibu bila kufikiri nini unataka kusikia. Hesabu ya faida utaifanya wewe mwenyewe usiku. Kama ziwa lilikuwa na mwezi mkali, uliza pia juma lililopita: sambaza huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi hupunguza mavuno, kwa hiyo "jana" ya watu wote inaweza kuwa siku mbaya.

Epuka swali linaloongoza. "Je, MUSO imekusaidia?" linaitikiwa ndiyo kwa heshima tu, hasa likiulizwa na kijana mwenye beji ya chuo. Badala yake: "Mara ya mwisho shule ilipodai pesa, ulizipata wapi?" Kama MUSO ina maana katika maisha yake, atakutajia yeye mwenyewe. Asipoitaja, hilo nalo ni jibu.

Hojaji ijaribu kwanza kwa watu wachache ambao hawatakuwemo kwenye sampuli, kwa Kiswahili chetu cha hapa, na kwa mashi pale inapobidi. Sikiliza wanapokuomba urudie swali. Swali likirudiwa mara tatu, kosa ni la swali.

Ukitaka kukusanya akina mama kadhaa waongee pamoja, kumbuka jaribio la Solomon Asch la mwaka 1951. Aliwaonyesha wanafunzi mistari na kuwauliza upi unalingana na mwingine, kazi ambayo mtoto anaiweza. Wenzao kwenye chumba, waliopangwa kwa siri, walitoa jibu la uongo kwa pamoja. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata uongo huo walau mara moja. Sokoni, mama mkubwa wa kikundi akisema "sisi tuko sawa", nani atasema mweka hazina hajaonyesha daftari miezi mitatu? Makundi yanakufundisha jinsi watu wanavyoongea hadharani. Mambo ya pesa na ugomvi yaulizie pembeni, kwa mtu mmoja mmoja.

Na utasikia mengi. "Kikundi cha ng'ambo ile, mweka hazina alikimbia na sanduku." Redio trotwari, yaani uvumi wa mitaani, haidanganyi siku zote, na haisemi kweli siku zote. Jan Vansina, aliyekuwa mtafiti wa ile IRSAC na kuanza kazi kwa Wakuba wa Kasai mwaka 1953, alionyesha kwamba maneno ya mdomo ni chanzo halali kama karatasi, mradi uyafuate njia yaliyopita: nani aliona, nani alimwambia nani, na kila mmoja alikuwa na faida gani kulisema. Basi uliza: "Mama, wewe uliona, ama uliambiwa? Na aliyekuambia, alikuwepo?" Watu watano wakikusimulia kisa kilekile walichosikia kwa jirani mmoja, una shahidi mmoja, si watano.

Hatua ya sita: ruhusa, majina na heshima

Barua ya chuo, sahihi ya kamati ya soko, kujitambulisha kwa chefu wa kartiye, chefu wa avenyu na nyumba kumi: hayo yafanye mapema, yanakula siku. Ila ruhusa ya chefu haichukui nafasi ya ruhusa ya mama mwenyewe. Mweleze wewe ni nani, unasoma wapi, unauliza kwa nini, majibu yatakwenda wapi, na kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati bila ubaya wowote. Mwambie pia waziwazi kwamba hakuna msaada utakaofuata. Bukavu imeulizwa maswali na mashirika mpaka imechoka. "Tunaulizwaka kila siku na hatuonake kitu," utaambiwa, na ni haki yao kusema hivyo.

Kwa nini ukali huu wote? Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, jimbo la Alabama, watafiti wa idara ya afya ya serikali ya Marekani waliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 400 wenye kaswende bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao. Hata penisilini ilipokuwa dawa inayojulikana ya kaswende, hawakupewa. Sheria nyingi za maadili ya utafiti zilizaliwa kutokana na aibu hiyo.

Katika mji wetu, hasa nyakati hizi, daftari lenye majina ni hatari kwa aliyeandikwa ndani yake. Kila mtu mpe namba. Orodha inayounganisha namba na jina ikae mahali pengine, mbali na majibu, au isiwepo kabisa kama huhitaji kurudi kwake. Ukikusanya kwa simu, tumia zana kama KoboToolbox inayokuruhusu kutuma majibu na kuyafuta kwenye simu kabla ya kupita kwenye kizuizi cha barabarani. Mtu akianza kukuelezea mambo ya silaha na wenye silaha wakati wewe unauliza habari za minervali, funga kalamu, msikilize kama binadamu, usiandike. Na kama kuna wenzako waliokusaidia kuhoji au kutafsiri, wataje kwenye kazi, wakikubali. Watafiti wa hapa Bukavu wamesema hadharani jinsi inavyouma kuzunguka milimani kukusanya habari, kisha jina lako lisionekane popote.

Hatua ya saba: chambua ukijipinga mwenyewe

Umerudi na majibu. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, umehoji mama 200: 100 wako katika MUSO, 100 hawamo. Katika wa MUSO, 62 walilipa minervali kwa wakati. Katika wasio wa MUSO, 42. Tofauti ni kubwa, moyo unafurahi, kalamu inataka kuandika kwamba MUSO inasomesha watoto.

Toa ile karatasi ya hatua ya kwanza. Kisha uliza: wanaoingia MUSO ni akina nani? Ili uingie unahitaji kuweka pesa kila juma bila kukosa. Mwenye mtaji mkubwa anaweza, anayetembeza beseni moja hawezi. Basi gawa mama zako kwa ukubwa wa mtaji. Katika wa MUSO, 80 wana mtaji mkubwa, na 56 kati yao walilipa kwa wakati. 20 wana mtaji mdogo, na 6 walilipa. Katika wasio wa MUSO, 30 wana mtaji mkubwa, 21 walilipa. 70 wana mtaji mdogo, 21 walilipa. Piga asilimia. Mtaji mkubwa: 70 kwa 70. Mtaji mdogo: 30 kwa 30. Tofauti yote imeyeyuka. Kilicholipa minervali katika mfano huu ni mtaji, na MUSO ilikuwa mahali tu ambapo wenye mtaji wanakutana.

Irudie hesabu hiyo kwa mkono wako mpaka ikukae. Katika somo zima la mbinu, sijui kitu kingine chenye faida kubwa kuliko hiki, na hakihitaji kompyuta.

Bado kuna maswali mawili. La kwanza ni mwelekeo: huenda mama aliingia MUSO kwa sababu mtoto ameanza sekondari, kwa hiyo minervali ndiyo iliyoleta MUSO. Dawa yake ni kuuliza tarehe: aliingia lini, mtoto alianza lini, na kabla ya hapo alikuwa akilipaje. La pili ni wale usiowaona. Ulihoji wanachama wa leo. Waliotoka kwa sababu walishindwa kuweka, na wale ambao kikundi chao kilivunjika na akiba ikapotea, hawamo kwenye orodha yako. Wako upande wa "wasio na kikundi", na umaskini wao unaipamba MUSO zaidi. Kwa hiyo kila asiye na kikundi aulizwe: "Ulishawahi kuwemo? Ulitokaje?"

Majibu yanayopingana na matarajio yako yasome mara mbili kuliko mengine. Mama mwenye mtaji mdogo, asiye na kikundi, aliyelipa kila muhula bila kuchelewa, usimtupe kama ajali. Rudi kwake uongee naye saa nzima. Pengine kuna ndugu Lubumbashi, pengine kuna makubaliano na mkuu wa shule, na huenda hilo ndilo jambo jipya pekee ambalo kazi yako itamfundisha msomaji.

Hatua ya nane: andika ulichokiona, kisha kitetee

Sura ya mbinu iandike kama maelezo ya safari, ili mtu mwingine aweze kuifuata: meza ngapi ulizihesabu, wangapi walikataa, wangapi hukuwapata, swali gani ulilifuta baada ya majaribio. Idadi ya waliokataa ni heshima kwako, usiifiche. Weka jedwali lenye idadi ya watu pamoja na asilimia, maana "asilimia 50" ya watu wanne ni watu wawili.

Matokeo yakisema hapana, andika hapana. Hakuna mwalimu makini atakayekunyima alama kwa sababu dhana yako imekataliwa na ushahidi uliokusanywa vizuri. Mapendekezo nayo yafungwe kwenye ulichokipata. Kurasa mbili za "serikali ijenge barabara, ilinde usalama, ilipe walimu" hazitokani na maswali uliyouliza sokoni. Pendekezo moja, kwamba MUSO ziruhusu mama mwenye beseni moja aweke kidogo kidogo, lina uzito zaidi kama takwimu zako zinalibeba.

Siku ya utetezi jiandae kwa swali moja kuliko yote: "Ungejuaje kama umekosea?" Uwe na jibu lenye ukurasa.

Ukishatetea, andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi, bila maneno ya darasani, uzipeleke kwa kamati ya soko na kwa vikundi vilivyokupokea, uwasomee, uwaache wabishe. Chukua daftari, andika wanayobisha, maana mara nyingi hapo ndipo linapopatikana swali la kazi inayofuata. Kisha, kama ulikuwa na orodha ya majina, ichome.